Ngoma ya ghalani mwezi wa kumi: tufanyeje asibaki mtu ukutani?

Kutoka: Mama wa Skipton

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, wadogo habari za jioni.

Kamati ya ukumbi wa kijijini kwetu hapa Uingereza imeomba chama chetu tushirikiane kuandaa ngoma ya ghalani, Jumamosi moja katikati ya Oktoba, mavuno yakishaingia. Kwa wasioijua, ni ile mnayoiona kwenye matangazo madirishani mwa maduka kwa jina la Barn Dance. Watu hupangana duara au mistari miwili, fidla na akodiani zinapigwa, na mtu mmoja mwenye kipaza sauti anawaambia hatua moja baada ya nyingine. Nimekwenda mara moja tu, nikarudi na furaha ya wiki nzima. Nina miaka sita hapa, na siku ile ndiyo ya kwanza majirani kunishika mkono zaidi ya salamu.

Sasa shida yangu. Nyumbani ninaye mama mkwe anayetembea kwa bakora. Kwenye chama tuna kijana asiyeona, tuna dada anayetumia kiti cha magurudumu, tuna akina mama wasioshikana mikono na mwanamume asiye maharimu wao, na wengi wetu hatujawahi hata kuitazama ngoma yenyewe. Sitaki kualika watu hamsini halafu kumi wakae ukutani wakipiga makofi. Aliyewahi kuandaa, tafadhali, naanzia wapi?

---

Kutoka: Dada wa Sheffield

Dada yangu, umeuliza swali ambalo mimi mwaka wa kwanza sikuliuliza, na aliyeumia ni mgeni wetu. Alikuja na kiti cha magurudumu, kwa teksi, kutoka Rotherham. Ukumbini tulikuwa tumeambiwa mambo yote yako sawa. Kumbe mlango wa nyuma wenye mteremko ulikuwa umefungwa na mwenye ufunguo hayupo, na choo cha watu wenye ulemavu kimejazwa meza za kukunja. Tulimbeba yeye na kiti chake ngazi mbili, mbele ya watu. Halafu alasiri nzima akakaa karibu na birika la chai, kwa sababu hatukuwa na ngoma hata moja tuliyoichagua tukimfikiria yeye. Nikikumbuka naona haya mpaka leo.

Kwa hiyo anzia kwao. Usichague ngoma kwanza ndipo utafute pa kuwapachika. Mpigie simu dada wa kiti, keti na mama mkwe, muulize yule kijana: ungependa kuelezwa vipi, ushikwe wapi, unachoka baada ya muda gani. Majibu yao ndiyo uyapeleke kwa mwitaji.

Mwitaji ni yule wa kipaza sauti, na siku nzima imo mikononi mwake. Fidla ikikwaruza kidogo hakuna anayejali. Mwitaji asiye na subira anawapoteza watu nusu saa ya kwanza na hawarudi. Kabla hujakubaliana naye bei, mwulize kama amewahi kuita kwa watu wapya kabisa, na kama anaweza kueleza hatua kwa maneno matupu bila kusema "fanyeni kama mimi", maana kijana wenu hatamwona. Mwulize pia kama atakubali kupunguza mwendo. Bendi nyingi hupiga karibu mapigo 120 kwa dakika. Siku ya wageni ombeni yashuke chini ya 110, watu watembee bila kukimbizana na muziki.

Maana hatua zenyewe ni kutembea tu. Wimbo wa kawaida una mapigo 64, yamegawanywa nane nane. Nane mnazunguka kushoto, nane mnarudi kulia, nane mnaingia katikati na kutoka, na kuendelea hivyo hadi wimbo unapoanza upya. Anayeweza kuhesabu mpaka nane tayari ni mchezaji. Mwitaji mzuri huwatembeza watu mara moja au mbili bila muziki, kisha bendi inaanza, naye anaita mpaka akiona mmeshika ndipo ananyamaza. Kule kunyamaza kwake kuna utamu wake, utauona usoni mwa watu.

Jambo jingine ni ule wito wa zamani, wanaume hivi, wanawake vile. Kwenye shughuli zetu akina mama ndio wengi, basi nusu yao huitwa wanaume siku nzima. Marekani, wachezaji wa contra, ngoma ya mistari inayofanana na hii, siku hizi wanatumia majina ya ndege wawili, lark kwa anayesimama kushoto na robin kwa wa kulia, herufi ya kwanza ikimkumbusha mtu upande wake. Sisi tukatafuta ndege wetu: shore yuko shoto, kasuku yuko kulia. Yeyote anaweza kuwa shore, yeyote anaweza kuwa kasuku. Majirani zetu Waingereza waliyashika majina hayo kabla hata chai haijamiminwa.

Kwa wasioshikana mikono tuliweka leso, yaani kanga, kwenye meza ya mlangoni. Jozi inayotaka inashika leso, mmoja ncha hii na mwenzake ncha ile. Mwitaji alitangaza mwanzoni kabisa kwamba kuna kiganja, kuna kiwiko na kuna leso, kila mtu achague lake. Hakuna aliyeulizwa sababu.

Na mwitaji atumie kipaza sauti hata akidai ana sauti kubwa. Kumbi nyingi hapa zina ule waya unaopeleka sauti moja kwa moja kwenye vifaa vya kusikia vya wazee, na waya huo unachukua kile kilichoingia kwenye kipaza sauti, basi. Jaribuni siku moja kabla, na mtu anayevaa kifaa awepo kuwaambia kama kweli anasikia.

Kuhusu karatasi za serikali, mkitaka kuuza pombe mahali pasipo na leseni, itabidi mpeleke taarifa halmashauri siku 10 za kazi kabla, ada ni pauni 21, na watu wasizidi 499. Sisi tuliuza chai na mandazi. Na kamati yenu ikisitasita kuhusu mlango kama ule wetu wa nyuma, wakumbushe kwa upole kwamba Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamtaka anayehudumia umma afanye marekebisho yaliyo ndani ya uwezo wake kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kutafuta ufunguo kumo ndani ya uwezo.

---

Kutoka: Kaka wa Glasgow

Huku Scotland tunaiita ceilidh, tamka keili. Watoto wangu wamefundishwa shuleni, wananishinda.

Mama wa Skipton, nakupendekezea Dashing White Sergeant. Wanacheza watatu watatu wakielekeana na watatu wengine, kisha wanapita na kukutana na watatu wapya. Aliyekuja peke yake hahangaiki kutafuta mwenza. Wa katikati ndiye mwenye kazi nyingi, kwa hiyo mama mkwe mweke pembeni.

Siku ya kwanza iacheni Gay Gordons, ina mikono ya kupita juu ya bega na kugeuka nyuma ghafla. Iacheni na Strip the Willow. Vijana wanaipenda mno, ni kuzungushwa kwa viwiko mstari mzima, na hiyo ndiyo inayoangusha watu.

---

Kutoka: Dada wa Manchester

Hamjambo. Mimi natumia kiti cha magurudumu na ngoma hizi nimezicheza sana. Dada wa Sheffield, ahsante kwa kusema yaliyompata yule mgeni bila kuficha. Ila kuhusu leso, hapana, tafadhali. Leso ni ndefu. Ncha ikishuka inanaswa kwenye gurudumu dogo la mbele, kiti kinasimama ghafla na mimi naendelea. Tumieni kitambaa kidogo cha mkono, kilichofungwa fundo kila upande. Na wenye buibui au magauni ya kuburuza wayainue kidogo tukipishana.

Halafu jueni hili: mikono yangu miwili ndiyo miguu yangu. Mwitaji akisema "shikaneni mkono wa kulia mzunguke", nikitoa mmoja, ule uliobaki unanipeleka upande mmoja tu. Tunachofanya ni hiki: mwenzangu anatembea akinizunguka, mimi napinda palepale, na macho yetu hayaachani. Kwenye nyota, pale wanne wanapoingiza mkono wa kulia katikati, anayenifuata anaweka kiganja begani kwangu, tukiwa tumekubaliana kabla, nami naendesha. Inapendeza kuitazama na inapendeza zaidi ukiwa ndani yake.

Tukivuka kwenda upande wa pili, tupewe mapigo nane badala ya manne. Kiti kinahitaji kama mita moja na nusu kugeuka, basi mistari iachane na duara lipanuke. Bora makundi matatu yenye nafasi kuliko matano yanayokanyagana.

Usisukume kiti changu bila kuniuliza, hata ukiniona nimechelewa. Nikichelewa naiacha hatua hiyo, naingia kwenye inayofuata. Ukinisukuma unanitoa kwenye hesabu yangu, na unanishtua.

Tena msiniweke katikati ya duara nipige makofi huku mnanizunguka mkitabasamu. Nimewahi kufanyiwa hivyo, na waliofanya walidhani wananiheshimu. Nipeni nafasi kwenye mstari, mwenza, na zamu ya kuongoza.

Jingine ni ngoma ya kukaa. Moja au mbili katikati ya siku, watu wote kwenye viti, duara, mikono na miguu ikifuata mwito uleule. Wenye magoti mabovu watawashukuru, na wazima watapumzika bila kuona aibu. Mwanangu ana usonji. Kwake kilichomsaidia ni chumba kidogo kimya chenye mlango unaofunguka muda wote, na kuambiwa mapema ngoma ngapi zimebaki. Msaidizi anayekuja na mtu asilipe kiingilio.

---

Kutoka: Mzee wa Birmingham

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni mtu wa Nyeri. Nilipoisikia akodiani kwenye ngoma ya namna hiyo hapa, nilisimama bila kuambiwa, kwa sababu niliusikia mwomboko. Wazee wetu waliucheza miaka ya 1940, jozi kwa jozi, kwa akodiani na karing'aring'a, kile chuma cha duara kinachogongwa. Ndani yake mna hatua za dansi za Wazungu waliokaa kwetu, zikageuzwa zikawa zetu, na goti linakunjwa pale ambapo Mzungu hakunji.

Kwa hiyo mama mkwe asiambiwe kwamba anapelekwa kujifunza ngoma ya watu. Iombeni bendi itoe robo saa watu wetu waonyeshe ya kwao, na majirani nao waitiwe hatua. Mimi nitakuja, magoti yakikubali. Yasipokubali nitaicheza ile ya kukaa.

---

Kutoka: Mama wa Skipton

Shikamoo mzee wangu, karibu sana, tutakufuata kituo cha treni. Mama mkwe ni wa Lamu. Nilipomsomea barua yako alicheka, akaanza kunisimulia beni za utotoni mwake, watu mistari na tarumbeta mbele, mtaa kwa mtaa. Tangu jana ananiuliza atavaa nini.

Mwitaji tumepata. Wa kwanza niliyempigia aliniambia wenye viti "watafurahia kutazama", nikamshukuru na kukata simu. Wa pili, kabla sijauliza lolote, yeye ndiye aliyeuliza: wangapi, wanasukuma wenyewe au wanasukumwa, na kijana asiyeona anapenda kushikwa kiwiko au bega. Nimemkubali hapohapo. Shore na kasuku ameyaandika.

Tutaanza saa nane mchana mpaka saa kumi na moja na nusu. Kuelekea saa kumi tunasimama kwa sala ya alasiri na chakula pamoja. Magharibi siku hizo itaingia baada ya saa kumi na mbili, kila mtu atakuwa njiani. Chakula kila nyumba ilete sahani moja, na kikaratasi kinachotaja kama kuna karanga, simsim, maziwa au mayai. Pilau naipika mimi. Dada wa Sheffield, mandazi yako ya iliki nakuomba.

Kwenye tangazo nitaandika wazi: hakuna ngazi mlango wa nyuma, choo kiko wapi na upana wa mlango wake, magari ya wenye kadi ya buluu, ile ya maegesho ya watu wenye ulemavu, yanaegeshwa wapi, sauti ya bendi ikoje, chumba kimya kipo, na kwamba hakuna anayehitaji kujua lolote kabla ya kuja. Ila siandiki mpaka niwe nimeona kwa macho. Jumapili hii saa tano asubuhi nakwenda ukumbini na yule dada wa chama chetu. Yeye atapita kila mlango kwa kiti chake, nami nitapima. Ufunguo wa mlango wa nyuma nimeshauchukua, uko kwenye mkoba wangu. Choo chetu nacho kimejaa meza, ni nyingi na mbili ni nzito, kwa hiyo vijana wawili waliopo karibu na Keighley wanijibu leo, na mwenye futi ya mita tano aje nayo.