Uzi wa malalamiko: Mafundi wanaobadilisha vipuri kwa kubahatisha wamenimaliza na Subaru STI yangu

Wakuu, salaam.

Nimeshalipia mauntingi za injini (mipira inayoishikilia injini kwenye bodi), tairodi endi (ncha za vyuma vinavyogeuza magurudumu) za pande zote mbili, balansi ya tairi mara kwa mara na alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ambayo hakuna aliyeweza kunieleza inahusika vipi na mtetemo, na baada ya yote hayo gari likifika kilomita 90 kwa saa lilikuwa likitetemeka vilevile kama siku nilipolichukua kwa muuzaji. Gereji husika sitazitaja, kwa sababu ninacholalamikia ni tabia iliyoenea jijini Dar es Salaam kuanzia Gerezani hadi Tegeta: fundi anamsikiliza mteja kwa nusu dakika, anataja kipuri, kisha anamtuma Kariakoo akakinunue. Kipuri kikishafungwa na tatizo likabaki palepale, hakuna anayeona haya wala anayezungumzia kurudisha fedha. Kinatajwa kipuri kingine, na mwenye gari anaendelea kugharamia majaribio ya mtu mwingine.

Gari lenyewe ni Impreza WRX STI ya mwaka 2003, bodi ya GDB, yenye injini ya EJ207 ya lita 2.0 na turbo, giaboksi ya gia 6 na breki za Brembo. Gari la namna hii likifika mikononi mwako limeshapita kwa watu ambao hawakulinunua ili wakaendee sokoni. Mmoja ameshusha springi, mwingine ameondoa ekzosti ya kiwandani, mwingine amefunga rimu alizozipenda kwa macho. Kwa hiyo linapotoa mlio au kutetemeka, swali la kwanza la fundi lilipaswa kuwa ni nini kimebadilishwa tangu litoke kiwandani, na hilo sikuulizwa na hata fundi mmoja.

Sikuulizwa pia mtetemo unaanza kwa mwendo gani, unasikika kwenye usukani au kwenye kiti, na kama unaongezeka nikikanyaga mafuta, nikiyaachia au nikishika breki. Haya si maswali ya kuulizana kwa ajili ya kupitisha muda. Usukani unaotikisika nikikanyaga breki tu unaelekeza kwenye diski ambazo unene wake haulingani. Mtetemo unaotokea nikikanyaga mafuta na kupotea nikiyaachia unaelekeza kwenye jointi ya ndani ya draifshafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye gurudumu), ilhali jointi ya nje ikichakaa hulia tak-tak wakati wa kukata kona. Mtetemo usiojali mafuta wala breki, unaofuata mwendo wa gari peke yake, unaturudisha kwenye tairi, rimu na habu, yaani kitovu ambacho rimu inafungwa.

Kuna jaribio ambalo halihitaji kifaa chochote, nalo ni kulipeleka gari kwenye barabara iliyo wazi hadi mwendo unaolitetemesha, kukanyaga klachi na kutoa gia, kisha kuacha injini ishuke hadi sailensa (mzunguko wake wa chini kabisa bila kukanyaga mafuta) huku gari likiendelea kuserereka. Injini yenyewe isizimwe, kwa maana usukani na breki vitakuwa vigumu. Mtetemo ukiendelea, injini na mauntingi zake hazihusiki. Kwangu uliendelea, bila kupungua hata kidogo, na nilimweleza hivyo fundi aliyeniuzia mauntingi. Jibu lake lilikuwa kwamba Subaru zote zinakula mauntingi.

Hesabu nayo ilikuwa wazi kwa anayetaka kuipiga. Tairi ya 225/45R17 ina mzunguko wa karibu mita 2, hivyo kwa kilomita 100 kwa saa inazunguka takribani mara 14 kwa sekunde. Propela, yaani mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma, inazunguka zaidi ya mara 3 ya hapo, na injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika inafikia mara 50 kwa sekunde. Mtikisiko wa tairi ni mzito, mkono unauona ukienda na kurudi kwenye usukani. Wa propela au injini ni mwembamba, unasikika kama ganzi kwenye sakafu na kwenye kirungu cha gia. Siku hizi hata simu ya mkononi, ukiipakia programu ya kupima mtetemo na kuilaza juu ya dashibodi, inakusomea idadi hiyo. Wa kwangu ulikuwa mzito, wa kwenye usukani, na bado nikauziwa mauntingi.

Aliyeligundua tatizo ni kijana wa kuziba pancha, ambaye hakuwa na mashine wala cheti chochote ukutani. Alibandua kifuniko cha katikati ya rimu, akaingiza ncha ya bisibisi kati ya rimu na habu, akaizungusha taratibu na kunionesha kwamba nafasi ilikuwa pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Habu ya Subaru hii ina kipenyo cha milimita 56.1. Tundu la rimu zilizofungwa, ambazo hutengenezwa ziingie kwenye magari ya aina nyingi, ni milimita 73.1, na ringi ya kujaza nafasi hiyo haikuwepo hata kwenye gurudumu moja. Rimu ilikuwa inashikiliwa na nati peke yake, na nati zenyewe zilikuwa zimekazwa kwa bunduki ya upepo huku gari likiwa limeshashushwa chini, uzito wote ukiivuta rimu nje ya katikati.

Hapa ndipo hasira yangu inapozidi. Mashine ya balansi huishika rimu kwa koni inayopita kwenye tundu la katikati, kwa hiyo kule gurudumu linazunguka likiwa sawasawa na skrini inaonesha sifuri kila mara. Likirudi kwenye gari linakaa upande, na balansi yote inakuwa kazi bure. Fundi anayefanya kazi hiyo kila siku, anayeona gari lina rimu ambazo si za kiwandani, anayemwona mteja yuleyule akirudi na lalamiko lilelile, alikuwa na kila sababu ya kutazama habu. Alichofanya ni kubandika kipande kingine cha risasi cha balansi kwenye rimu na kupokea fedha. Nilikwenda kwa fundi wa kukereza vyuma, akanitolea ringi 4 za aluminiamu kwa fedha isiyofikia robo ya bei ya mauntingi. Nati zikakazwa kwa mshazari gari likiwa juu ya jeki, kisha zikamaliziwa kwa spana ya torque, inayopima nguvu ya kukaza, na usukani ukatulia.

Mvumo ulibaki. Ulikuwa unaanza kwenye kilomita 60 na kupanda kadiri mwendo ulivyopanda, na kwa mvumo huo gereji moja iliniambia giaboksi ifunguliwe, nyingine ikasema difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) imekwisha. Hakuna aliyekwenda nami barabarani. Kelele ya tairi iliyochakaa kwa mabonde hubadilika gari linapotoka kwenye lami ya kokoto kuingia kwenye lami laini. Ya beringi haijali lami. Vilevile, gari likiyumbishwa taratibu kulia na kushoto kwenye njia pana isiyo na watu, uzito unahamia upande wa nje wa kona, na beringi mbovu ya upande huo huongeza sauti. Kwangu sauti ilipanda nilipoelekea kulia, kwa hiyo mbovu ilikuwa kushoto. Kuthibitisha kama ni ya mbele au ya nyuma, gurudumu linanyanyuliwa, unalizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa umeshika springi ya shokapu, na beringi iliyokwisha inakukwaruza kiganjani kama mchanga. Nilipolisema hili kwenye gereji ya difu, fundi alishika tairi juu na chini, akaitikisa, akasema haichezi na kwa hiyo beringi ni nzima. Beringi inaweza kuvuma kwa muda mrefu kabla haijaanza kucheza. Ilipotolewa, beringi ya nyuma kushoto ilikuwa na vishimo kwenye njia ya gololi, na difu iliyohukumiwa haijaguswa hadi leo.

Kuhusu kupima kwa mashine nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wengi wetu tunalipia tukidhani tunapata jibu. Kompyuta ya gari husoma sensa zilizounganishwa nayo. Haina sensa ya rimu iliyokaa upande, wala ya bushi iliyokatika, wala ya stabilaiza linki inayogonga kwenye matuta. Kuambiwa "mashine haioneshi kosa" na kutozwa fedha kwa kauli hiyo, wakati mteja amekuja kulalamikia mtetemo, ni dhihaka.

Kioja kikubwa kuliko vyote kilihusu mlio wa bati uliokuwa ukisikika injini ikishuka kuelekea sailensa. Injini za EJ zina sifa mbaya ya kugonga beringi za krenki (mhimili mkuu wa injini), na sifa hiyo imekuwa mtaji wa watu: mteja akisema tu "inagonga", anatajiwa bei ya kushusha injini. Lakini milio ya injini hii inatofautishika. Pistoni inayogonga ikiwa baridi hutulia injini ikipata moto. Beringi ya krenki haitulii. Mara nyingi huzidi mafuta yakishakuwa mepesi kwa joto, hupanda na mizunguko, na mafuta yakimwagwa huonekana chembe zinazong'aa, hasa filta ikikatwa na karatasi yake kukunjuliwa. Kichakacho cha giaboksi ikiwa huru, kinachonyamaza ukikanyaga klachi, mara nyingi ni cha flaiwili (sahani inayozunguka nyuma ya injini) nyepesi iliyofungwa na mwenye gari aliyetangulia. Kwangu mimi mafuta yalikuwa safi, filta ilikuwa safi, na mlio ulinyamaza pale bati la kuzuia joto la ekzosti lilipobanwa kwa bisibisi ndefu. Boliti yake ilikuwa imeoza kwa kutu. Nilikuwa nimeshatajiwa bei ya kushusha injini kwa boliti ya bati.

Halafu kuna suala la usalama, ambalo naona linachukuliwa kimzaha mno. Katika gereji mojawapo fundi alinyanyua magurudumu ya nyuma peke yake, akaingia ndani, na alikuwa anataka kutia gia "asikilize propela". Gari hili linasukuma magurudumu yote 4. Ya mbele yakiwa chini, linaweza kuruka kutoka kwenye stendi na kumponda mtu aliyelala chini yake, na kijana wake wa mazoezi alikuwa amelala hapohapo na tochi. Nilimzuia kwa sauti ambayo sikuizoea. Fundi huyohuyo alinishauri ninunue tairi 2 za mtumba za kuweka nyuma, wakati watengenezaji wanataka tairi zote 4 ziwe za kipimo kimoja na uchakavu unaokaribiana, kwa sababu zikitofautiana mzunguko difu ya katikati inafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka, na gari huanza kujivuta likigeuzwa kwa mwendo mdogo.

Muuzaji na dalali wake nao nawaweka kwenye lalamiko hili. Siku ya kulijaribu walichagua barabara yenye foleni ambayo hapakuwa na namna ya kuvuka kilomita 50, redio ikiwa juu, na swali langu kuhusu mvumo likajibiwa kwamba ni sauti ya tairi za michezo. Tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT, zinazoonesha tairi ilitengenezwa lini, kwenye tairi hizo za michezo zilisomeka 3214, maana yake zilitoka kiwandani wiki ya 32 ya mwaka 2014.

Kwa sasa kimebaki mtetemo mmoja mwembamba, wa chini ya kiti, unaotokea nikiondoka kwa nguvu gia ya pili na ya tatu. Ninashuku beringi ya katikati ya propela au krosi zake, yaani viungo vinavyoiruhusu kupinda. Nimeshaambiwa nibadilishe krosi peke yake, na ninalitilia shaka pendekezo hilo kwa sababu krosi za propela za Subaru zimepigwa kiwandani zisitoke, hazina klipu za kufungulia kama za pikapu. Kwa hiyo naomba aliyewahi kutengenezewa propela ya GDB hapa Dar es Salaam anieleze kama ilikerezwa na kupigwa balansi baada ya krosi kubadilishwa, au alinunua propela nzima, na ilidumu kwa muda gani. Mwenye rimu za kiwandani za inchi 17 zenye matundu 5x100 (matundu 5 kwenye duara la milimita 100) anitumie ujumbe na picha ya sehemu ya ndani ya rimu, tundu la katikati likionekana. Anayetaka kuniandikia kwamba niuze nikanunue Vitz asijisumbue.