Mnaoita Rachel's Holiday "kitabu chepesi cha mapenzi" mnaniudhi sana

Wakuu, leo nina hasira na sitapunguza ukali. Kila kitabu hiki kikitajwa lazima atokee mtu aseme aah kile cha kina dada, cha kusoma bichi, mapenzi na vichekesho basi. Mmekisoma kweli au mmeishia kwenye jalada?

Mwandishi wake, Marian Keyes, mwenyewe alikuwa mlevi, aliacha pombe 1994 baada ya kwenda kutibiwa, kitabu kikatoka 1997. Anajua anachokiandika. Rachel, mhusika mkuu, ana miaka 27, anaishi New York, kokeini na vidonge vinamfikisha hospitali, familia inamrudisha Ireland aingie soba, kituo cha kutibu waraibu, na yeye anakubali maana kichwani anaona mastaa na sauna. Anakuta wababa wa makamo na sweta zao za kahawia, na zamu za jikoni juu. Inachekesha, ndiyo. Lakini anayekuchekesha ni nani? Ni teja, anasimulia mwenyewe!! Kila akikumbuka New York anakupa bata tupu, na unamwamini kwa sababu ana mdomo mtamu, halafu siku moja Luke, yule mwanaume aliyemwacha, anakuja na Brigit, rafiki aliyekuwa anaishi na Rachel New York, wanamweka kati mbele ya kundi zima la wagonjwa wenzake wanasema walichokuwa wanakiona wao, na zile stori zote ulizocheka unaanza kuzisoma upya kichwani huku tumbo linakuuma. Huo ndio uchekeshaji wa kitabu hiki. Utani wake ndiyo uongo wake. Mwenye ndugu aliyepitia unga anaijua vizuri ile "mimi siyo kama wale, nikitaka kuacha naacha kesho".

Halafu mnalalamika eti mapenzi yanachelewa, Luke haonekani. Jamani! Rachel akitoka soba anaanguka tena, ndipo anakaa mwaka mzima bila mwanaume ajifunze kuishi mwenyewe kwanza. Mlitaka Luke awe dawa?

Na Again, Rachel, kitabu kinachoendeleza hiki, kilivyotoka 2022 ni yaleyale, "mwendelezo wa mapenzi", wakati Rachel sasa ni mshauri palepale alipotibiwa, na anageuka nyuma kuangalia kifo cha mtoto wake na ndoa iliyovunjika.

Mtu akipenda mapenzi tu apende, sina ugomvi naye. Ila kama hujafika kile kikao cha Luke na Brigit, usinijibu kwenye uzi huu.