Gitaa la Neema

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Nimemnunulia Neema gitaa la mtumba, ila analishika kinyume, anapiga kwa kushoto. Fundi anataka elfu 15 azigeuze nyuzi. Nimpe?

Mjomba Salum: Marahaba mwanangu. Usimpe! Kuna bibi wa Marekani, Elizabeth Cotten, kazaliwa 1893 huko North Carolina. Mashoto kama Neema. Kaka yake akitoka kwenda kazini, yeye anaiba banjo yake, ala inayofanana na gitaa, anaigeuza juu chini na kupiga hivyo hivyo. Baadaye akafanya kazi za ndani, akadunduliza, akanunua gitaa lake kwa dola 3.75.

Shangazi Asha: Si nyuzi nene za besi zinakuwa chini sasa?

Mjomba Salum: Ndiyo. Vidole vinapiga besi, dole gumba linaimbisha. Hata wimbo wake Freight Train, wa treni ya mizigo, aliutunga angali mtoto.

Juma: Akatoka kimuziki?

Mjomba Salum: Wapi! Kaolewa kigoli, kanisani wakamwambia nyimbo za dunia hazifai, akaweka gitaa chini. Miaka nenda miaka rudi, kazi za ndani tu. Amekuwa mtu mzima, yuko Washington anauza kwenye duka kubwa, akaokota mtoto aliyepotea akamrudisha kwa mama yake. Kumbe ni Peggy Seeger, nyumba ya wanamuziki watupu! Wakamchukua awapikie. Na gitaa limetundikwa ukutani.

Shangazi Asha: Akalishusha 😭

Mjomba Salum: Akalishusha. Peggy akamkuta anapiga, hakuamini. Mike, kaka yake Peggy, ndiye akamrekodi. Albamu ikatoka 1958, bibi ana miaka 65.

Juma: 65?!

Mjomba Salum: Na tuzo ya muziki ya Grammy kaipata 1985, kavuka 90. Kilichoniuma ni ule wimbo. Ulifika Uingereza, watu wakajiandikisha kuwa wameutunga wao.

Shangazi Asha: Wimbo wa mtoto wa watu! Mimi hata hiyo Grammy sijali. Nafikiria ile miaka yote anafua, anapika, na wimbo uko kichwani haujatoka.

Mjomba Salum: Haukutoka, dada. Vidole navyo havikusahau.

Mama Neema: Fundi nimemwambia alirudishe kama lilivyo. Neema kalilalia hapa kwenye mkeka, ameshaweza kupiga nyuzi tatu. Shangazi, nikurekodie?

Shangazi Asha: Rekodi. Funga na mlango, hizo kuku zinapiga kelele.