Bustani ya pamoja Lubumbashi: tuombe Leta (serikali) nini, na kupitia wapi?

Lengalenga_Katuba
Jambo kwenu. Kikundi cha watu 22 wa katiye (mtaa) moja, uwanja wa karibu ari 6 (mita za mraba 600) kando ya dambo (bonde lenye maji), hakuna anayeulima. Tunataka bustani ya mboga ya pamoja. Tuanzie kwa shefu wa katiye, kwenye komine, ao kwenye kilimo cha mkoa? Na tuombe pesa, mbegu ao vyombo? Watu wanasema pesa ya madini inaweza kulipa.

Papa_Karatasi
Karatasi kwanza. Kikundi kisicho na utu wa kisheria hakipokei kitu kwa jina lake. Pampu itaandikwa kwa jina la mtu mmoja, na siku mkigombana ataondoka nayo. Kama mnataka kuuza mboga na kugawana faida, undeni koperative chini ya sheria ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara), inayofuatwa Kongo tangu Septemba 2012. Ile ya aina rahisi inaanzia watu 5, na ile yenye baraza la uongozi inaanzia watu 15. ASBL (chama kisicho cha faida), ya sheria 004/2001, hairuhusu kugawana faida, na karatasi zake hufika mpaka Kinshasa.

Uwanja: tangu sheria ya 1973 udongo wote ni wa Leta. Shefu wa katiye anaweza kushuhudia kwamba hapana mtu pale, lakini kuuza hawezi, hata akiwaandikia "atestasion" nzuri namna gani. Andikeni kwa burugumesta (mkuu wa komine), nakala kwa inspeksheni ya kilimo na kwa kadastre (ofisi ya kupima viwanja), na mchoro wenye vipimo. Rudini na nakala yenu ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa. Ukingo wa mto hautolewi kama parseli, basi ombeni ruhusa ya kutumia, ya maandishi, miaka 3 hadi 5, yenye neno hili: mkitolewa, mnapewa muda wa kuvuna kwanza.

Pesa ya madini mmeisikia nusu. Kwa sheria ya madini (code minier) ya 2018, asilimia 15 ya ile redevance (malipo ya kampuni kwa Leta juu ya madini inayouza) inaenda kwa ETD (serikali ya mahali, kama komine) ambamo mgodi upo. Komine isiyo na mgodi juu ya ardhi yake isiitegemee. Ile 0.3% ya mauzo ya kampuni ni mfuko mwingine, wa jamii zinazoguswa na mgodi. Na kote kuwili, mradi usioandikwa kwenye plani ya maendeleo ya mahali ni vigumu upate kitu, hata kama burugumesta anawapenda. Fikisheni barua kabla ya mwezi wa tisa, bajeti ya mwaka unaofuata ikiwa bado inaandaliwa.

Udongo_Mwekundu
Kabla ya muhuri wowote, pimeni udongo! Lubumbashi si mahali pa kulima bila kujua vumbi la kiwanda limeangukia wapi. Wakati wa kiangazi upepo hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo upande wa kaskazini-magharibi wa tanuru la zamani la Gécamines (kampuni ya madini ya Leta) ndio uliojaa shaba na risasi (plomb). Chukueni udongo mahali 15 hadi 20, sentimita 0 hadi 20 chini, changanyeni kwenye ndoo safi ya plastiki (ya chuma hapana), mbakize nusu kilo. Peleka kwa watu wa agronomia (kilimo) wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, uulize pH, shaba, kobalti na risasi.

Shaba ikizidi, majani yanakuwa manjano kama yamekosa chuma na mizizi inabaki mifupi, minene. Wengi wanaongeza mbolea, wakati dawa ni chokaa na samadi nyingi, maana pH ikipanda metali zinashikwa na udongo. Chokaa gramu 150 kwa mita ya mraba, halafu ngojeni wiki 2 kabla ya samadi, la sivyo nitrojeni inapotea hewani. Kama risasi ni nyingi, hameni. Kama ni ya wastani, tieni nyanya na biringanya, kwa sababu mboga za majani ndizo zinazobeba metali zaidi.

Arozwari_Mbili
Ombeni maji, si mbegu. Matuta 40 ya mita 10 kwa 1 yanaingia kwenye ari 6 pamoja na njia. Kiangazi kila tuta linataka lita 40 kwa siku, jumla lita 1,600. Mtu mwenye arozwari (ndoo za kumwagilia) mbili za lita 10 anakwenda mara 80. Hapo ndipo bustani nyingi za pamoja hufa, mwezi wa nane. Ombeni pete za kisima na pampu, andikeni pia nani ananunua mafuta.

Samadi iliyooza, kilo 25 kwa tuta, ni tani 1. Chokaa kilo 60. Mbegu ya lengalenga (mchicha) gramu 1 hadi 2 kwa mita ya mraba, ichanganywe na mchanga.

Lengalenga_Katuba
Na tukipewa mbegu za bure?

Arozwari_Mbili
Soma tarehe ya pakiti. Weka mbegu 50 kwenye kitambaa chenye maji siku 5. Zikiota chini ya 35, panda nyingi zaidi. Za kabichi zikiwa za F1 (chotara), usihifadhi mbegu zake.

Papa_Karatasi
Na msaini karatasi ya kupokea ikiwa na hesabu ya vitu vyenyewe, si "vyombo vya kilimo" tu.