Fulana na polo za kikundi: tudarizi au tuprinti? Logo ina rangi 7

Mleta mada
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Tuna kikundi cha mbio, tuko watu 40, mimi ndo nimepewa kusimamia oda ya nguo. Tunataka fulana nyekundu za kukimbilia zenye maandishi meupe makubwa mgongoni, na polo za viongozi zenye logo ndogo kifuani. Oda iliyopita tuliprinti kwa fundi mmoja, kufua mara ya tatu tu wino ukaanza kupasukapasuka, na hela ni ya michango ya watu, iliniuma sana. Sasa fundi mpya anasema logo yetu ina rangi 7, bluu inafifia kuwa kijani, chini kuna maneno madogo, eti kwenye polo haidariziki hivyo. Na kwenye kuprinti kila rangi anaihesabu peke yake. Ni kweli au ananipandishia bei?

uzi_na_sindano
Anakwambia ukweli mkuu. Kufifisha rangi kwenye uzi ni shida, wino unachanganyika ila uzi hauchanganyiki. Na herufi zikiwa chini ya milimita 5 hivi zinajaa uzi, a na e zinaziba matundu. Logo ya kifuani kawaida ina upana wa sentimita 8 mpaka 10, pima uone hayo maneno yatabaki na urefu gani. Yatoe, baki na alama yenye rangi 2 au 3. Halafu mashine haisomi picha, mchoro lazima ugeuzwe kuwa faili la mishono, hiyo kazi unailipia mara moja, kwa hiyo omba upewe hilo faili (mara nyingi ni DST) ili ukiongeza polo baadaye usilipe tena. Ila logo kubwa ya uzi usiiweke kwenye fulana nyepesi, kitambaa kitajikunja pembeni ya mishono, hakipendezi kabisa.

wino_mzito
Kwenye kuprinti kila rangi ina fremu yake (ile yenye wavu wa kupitishia wino), inaandaliwa peke yake, uprinti fulana 1 au 40 kazi ya fremu ni ileile. Ndo maana rangi chache na nguo nyingi inakuja nafuu.

Huko kupasuka, nahisi wino haukuiva. Plastisoli, yaani ule wino mzito wa kuprintia nguo, haikauki kwa hewa, inaivishwa kwa joto, ya kawaida inataka kama nyuzi 160 za Selsiasi, na joto lifike mpaka chini, maana juu unashika unaona pakavu kumbe chini bado kubichi. Muulize anaivisha na nini. Fulana zenyewe ni pamba au polyesta?

Mleta mada
Polyesta mkuu.

wino_mzito
Sasa hapo ndo uwe makini. Rangi ya polyesta ikipata joto inapanda kwenye wino, leo unapokea maandishi meupe, baada ya siku kadhaa yamekuwa pinki. Mimi yalishanikuta na mzigo mzima, ikabidi nirudie wote. Kuna wino wa polyesta unaoiva kwa joto la chini, hakikisha anao, au badilisha maandishi yawe meusi usiumize kichwa. Vyovyote vile fanya sampuli moja kwenye fulana ileile, ifue, iache wiki ndo useme endelea.

dada_wa_oda
Na logo usiitume kwa WhatsApp kama picha, inabanwa inapoteza ubora, mtafute aliyeichora akupe faili la vekta, lile unalikuza bila kupoteza ubora. Saizi pia, M ya kampuni moja sio M ya nyingine, watu wavae sampuli kwanza. Agiza na 3 au 4 za ziada, wakija wanachama wapya fremu zikiwa zimeshafutwa unaanza upya.

Mleta mada
Asanteni sana wakuu. Aliyechora nimempata, faili analo. Maandishi tumekubaliana yawe meusi, na logo ya polo tunabaki na alama tu, rangi 2. Fundi kakubali kutoa fulana moja na polo moja kwanza, nikishazifua mara kadhaa nitaweka picha hapa.