Waliofika Granada, Hispania: tupeane uzoefu wa Alhambra na majengo ya kale

Wakuu, Mei nakwenda Hispania na siku nyingi nimeupa mkoa wa Granada. Historia ya juujuu ninayo: Muhammad wa Kwanza wa ukoo wa Banu Nasr alianza ujenzi Alhambra, ile ngome yenye makasri juu ya mji, 1238, na mji ukakabidhiwa kwa Fernando na Isabel, watawala Wakristo wa Hispania, tarehe 2 Januari 1492. Nataka ya aliyefika kwa miguu yake. Nini kilikugusa?

Mzururaji: Kwanza tiketi, mkuu. Kata mtandaoni mapema maana huisha wiki kadhaa kabla. Saa iliyoandikwa ni ya kuingia makasri ya Banu Nasr, ukichelewa hapo imekula kwako. Pasipoti uwe nayo, wanakagua.

Binti Mwambao: Mie nilisoma kuta. Bakora za chuoni zilinilipa siku ile! "Wa la ghaliba illa Allah", hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, imechongwa kila upande, na waliokuwa kando yangu wakiipiga picha wakidhani ni maua. Kwenye Ua wa Simba, uwanja wa ndani ya makasri, bakuli la chemchemi linalobebwa na simba 12 limezungushiwa shairi la Ibn Zamrak, waziri wa Muhammad wa Tano. Pembeni ndipo mfalme Carlos wa Tano, mjukuu wa Fernando na Isabel, alipopachika kasri lake kuanzia 1527, nje mraba, ndani ua wa duara. Wengi wanalinunia. Mie nimelipenda, mnisamehe. Ukitaka kuswali, panda Albaicín, mtaa wa kale kilima cha pili: karibu na kanisa la San Nicolás kuna msikiti uliofunguliwa 2003, na bustani yake inatazamana na Alhambra.

Mkilwa Halisi: Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika kwetu Kilwa 1331, alifika na Granada, mwaka 1350. Sultani Yusuf wa Kwanza alikuwa mgonjwa, hawakuonana, ila mama yake sultani akampelekea mgeni dinari za dhahabu. Basi mimi nikaitafuta madrasa aliyoijenga huyo Yusuf, 1349. Iko mjini, mkabala na Kanisa la Kifalme walikozikwa Fernando na Isabel. Ukumbi wake wa kuswalia uone, watu wanaupita tu.

Mwana wa Kibosho: Msiishie mjini jamani. Nendeni Alpujarra, vijiji vya Pampaneira, Bubión na Capileira, miteremkoni mwa milima ya Sierra Nevada. Nyumba zina paa bapa za udongo, na mifereji ya enzi za Waislamu bado inapeleka maji mashambani. Kwa sisi wa Moshi ile ni mifongo kabisa, mifereji yetu Wachaga! Mzee mmoja alianza kunieleza zamu za maji, nikammalizia mimi. Waliokuwa wakikaa huko, Wamorisko, yaani Waislamu waliolazimishwa kubatizwa na vizazi vyao, waliasi 1568. Waliposhindwa wakahamishwa, wakaletwa watu wa kaskazini. Mifereji ikabaki.

Mwanzisha uzi: Hii ya Alpujarra sikuwa nayo kabisa. Usafiri?

Mwana wa Kibosho: Basi, kituo kikuu cha Granada. Ulale huko, ya kurudi ni machache.