Maabara imesema losheni ni safi, kopo limeota ukungu

Mtengenezaji wa Tanga:
Habari zenu, wanajukwaa. Natengeneza losheni ya mshubiri na mafuta ya nazi, na kihifadhi changu ni vitamini E na matone machache ya mafuta ya karafuu. Maabara haikuona kijidudu hata kimoja, lakini kopo nililokuwa nikilitumia mwenyewe lilipofika wiki ya tatu nilikuta vidoa vyeusi chini ya ukingo wa kifuniko. Kosa liko wapi?

Jibu la kwanza:
Dada yangu, walipima usafi wa kopo siku lilipowafikia, hawakupima uwezo wake wa kujilinda linapochovywa vidole kila asubuhi. Uwezo huo hupimwa kwa utaratibu wa ISO 11930, kiwango cha kimataifa cha kupima kinga ya vipodozi dhidi ya vijidudu: losheni hutiwa makusudi bakteria kati ya 100,000 na 1,000,000 kwa kila gramu, kisha huhesabiwa siku ya 7, ya 14 na ya 28. Kwa kigezo cha juu, siku ya 7 bakteria wawe wamebaki sehemu moja ya elfu au pungufu, wala wasiongezeke tena. Ukungu wa Aspergillus brasiliensis, ambao ni mgumu zaidi kufa, hupewa hadi siku ya 28 upungue mara kumi. Vitamini E huchelewesha mafuta kuharibika kwa hewa, lakini si kihifadhi dhidi ya vijidudu.

Jibu la pili:
Naongezea jambo ambalo wengi hulisahau. Waulize maabara walitumia nini kuzima nguvu ya karafuu kabla ya kuotesha sampuli, kwa sababu isipozimwa huendelea kuwabana vijidudu ndani ya sahani ya kuoteshea, nayo hesabu husoma sifuri ilhali wamo hai.

Mtengenezaji wa Tanga:
Ahsanteni sana. Je, nikitumia kihifadhi cha sodiamu benzoeti? Losheni yangu ina pH 6 (kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu huzidi).

Jibu la pili:
Kwa pH hiyo utakuwa umeitia bure, maana inayofanya kazi ni asidi ya benzoiki, ambayo benzoeti hugeuka kuwa losheni inapokuwa chachu, na kwenye pH 6 haifiki hata asilimia 2 ya ulichotia. Kwenye pH 4.5 hukaribia theluthi. Shusha pH kwa asidi ya sitriki, uipime tena losheni ikishapoa, ndipo ulipie jaribio la siku 28 kwa mchanganyiko uleule utakaouza. Makopo yaliyokwisha kutoka, tafadhali yarudishe yote, hasa kama yapo yaliyonunuliwa kwa ajili ya watoto wachanga.